Mwongozo wa Kutambua na Kukarabati Vyerehani vya Zamani vya Kushonea Ngozi

Karibu kila juma hapa Nairobi hukutana na mtu aliyenunua cherehani kikuukuu cha kiwandani ili ashone mikoba, mishipi au viatu, na maswali anayokuja nayo ni yale yale: hii ni mashine gani, inatumia sindano ipi, na kwa nini inaruka hatua za mshono kila inapofika penye ngozi nene. Nimeandika mwongozo huu ili anayeanza apate majibu hayo mahali pamoja. Unahusu mashine za chuma cha kalibu zilizotengenezwa kabla ya enzi ya mota za kielektroniki, hasa Singer za daraja la 29, 45 na 111, pamoja na jamaa zake wa Pfaff, Adler, Juki na Consew ambao huonekana mara kwa mara kwenye masoko ya Gikomba na Kariokor, na kwenye karakana zinazofungwa huko Industrial Area.

Jambo moja nalisisitiza tangu mwanzo. Mashine nyingi zinazouzwa kama zimekufa hazijafa. Zimegandishwa na mafuta ya miaka mingi, zimetiwa sindano isiyo yake, kisha mtu akaja na bisibisi akageuza taimingi, yaani mwafaka wa wakati kati ya sindano na kulabu inayonasa uzi chini, kabla hajaiangalia hiyo sindano. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Nilinunua Singer 111W155 kutoka kwa muuzaji aliyenipa pamoja nayo pakiti ya sindano za mfumo wa DPx5, na kwa kuwa sindano ile iliingia kwenye kibanio chake bila kulegea, sikuwa na shaka yoyote. Mashine haikushika uzi hata mara moja. Kwa siku mbili nililegeza na kukaza kulabu ya chini, hadi mzee mmoja mshona matandiko ya viti vya magari alipoichomoa sindano, akailaza kando ya sindano ya 135x17 aliyoitoa mfukoni, akanionyesha kwa ukucha wake jinsi tundu la ile yangu lilivyokuwa limebaki juu kwa milimita kadhaa. Unene wa shina ni ule ule, urefu sio. Kulabu ilikuwa ikipita chini ya tundu, mahali ambapo hapakuwa na kitanzi cha kunasa. Taimingi ya kiwandani ilikuwa sawa kabisa mpaka nilipoiharibu mimi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Andaa bisibisi bapa tatu ambazo ncha zake zinajaa sawasawa kwenye mfereji wa skrubu, kubwa, ya kati na ndogo. Skrubu za Singer za zamani hazina uzi wa kawaida wa milimita unaopatikana kwenye maduka ya vifaa, kwa hiyo ukiiharibu moja au ikikupotea, utazunguka mji mzima kuitafuta. Kwa sababu hiyo hiyo tafuta sahani bati na sumaku ya kuwekea skrubu unazozitoa.

Uwe pia na tochi, kioo cha kukuzia, brashi ngumu ndogo, matambara ya pamba, lita moja ya mafuta ya taa, mafuta meupe mepesi ya cherehani, grisi kidogo, msasa laini sana wa namba 1500 au 2000, kalipa ya kupimia, na simu yenye nafasi ya picha nyingi. Usinunue sindano wala uzi mpaka umalize hatua ya kwanza.

Hatua ya 1: Soma mashine kabla ya kuifungua

Kwenye Singer utakuta nambari mbili, na wanaoanza huzichanganya. Ya kwanza imegongwa kwenye chuma cha kitanda cha mashine, nayo ni nambari ya utengenezaji. Ya pili iko kwenye bamba dogo lililobanwa kwa misumari midogo, mara nyingi kwenye kitanda au kwenye nguzo ya kichwa, nayo ndiyo nambari ya daraja, kwa mfano 29K71, 45K25 au 111W155. Nambari ya utengenezaji hukuambia umri. Ya daraja hukuambia sindano, bobini (kigurudumu cha uzi wa chini) na vipuri. Unayoihitaji dukani ni ya daraja.

Herufi iliyo katikati ya nambari ya daraja inaonyesha kiwanda. K ni Kilbowie, kiwanda cha Clydebank kule Scotland kilichofunguliwa katika miaka ya 1880 na kufungwa mwaka 1980. W ni Bridgeport, Connecticut, katika majengo yaliyokuwa ya kampuni ya Wheeler & Wilson kabla ya Singer kuinunua. G ni Ujerumani. Kuhusu nambari ya utengenezaji, zile za kabla ya mwaka 1900 ni tarakimu tupu zisizotanguliwa na herufi. Kwa mashine za Clydebank, herufi Y peke yake inakuweka kati ya mwanzo wa miaka ya 1920 na mwaka 1935, na herufi mbili zinazoanza na E zinafuata baada ya hapo. Umri, hata hivyo, si kipimo cha ubora. Mashine ya mwaka 1930 iliyotumiwa na fundi mmoja mwangalifu inaweza kuishinda ya mwaka 1970 iliyochoshwa na kiwanda.

Mara nyingi bamba la daraja limeng'olewa, au mashine imepakwa rangi juu ya kila kitu. Hapo utaitambua kwa umbo.

Ukiona mashine yenye mkono mwembamba mrefu uliotokeza mbele kama pua, na mguu wake wa kukandamizia unaweza kuzungushwa duara kamili ili ushone upande wowote, hiyo ni mashine ya viraka, na ikiwa ni Singer basi ni ya daraja la 29. Haina meno ya kusukuma ngozi kutoka chini. Mguu wenyewe ndio unaoikokota ngozi kutoka juu. Chini yake hakuna kulabu ya kuzunguka, bali kipande chenye umbo la kidau kinachobeba bobini na kwenda huku na huko, kikiendeshwa na reli yenye meno iliyopita ndani ya mkono. Adler 30 hufanya kazi kwa mtindo huo huo, na zile za Kichina za kuzungushwa kwa mkono ni wajukuu wao.

Ukiona mashine ya meza bapa yenye miguu miwili inayopokezana, mmoja wa ndani unaoandamana na sindano na mmoja wa nje, hiyo ni mashine ya mguu unaotembea. Singer 111W155, Juki LU-563, Consew 206RB na Pfaff 545 zote ziko katika ukoo huu, nazo ndizo nzuri zaidi kwa mikoba, mishipi ya kawaida na matandiko ya viti. Alama ya kuitambua 111W155 kati yao ni kwamba haina wenzo wa kurudi nyuma, na urefu wa hatua hubadilishwa kwa kubonyeza kitufe kilicho kitandani huku ukizungusha gurudumu la mkono. Pfaff 335 ina miguu ya namna hiyo hiyo lakini kitanda chake ni mkono wa mviringo, jambo linaloifaa kwa kingo za mikoba.

Singer 45K ni zito, la polepole, lenye sindano nene, nalo limekusudiwa mishipi ya farasi, mifuko mizito na soli nyembamba. Mashine ya nguzo, yaani ile ambayo kitanda chake kimesimama kama mnara mdogo na mguu wake ni gurudumu dogo, kama vile Singer 51W, ni ya sehemu za juu za viatu. Usiinunue ukitaka kushona mishipi.

Kosa la kuepuka ni la Singer 31-15 na ndugu zake. Ni mashine bora ya mshonaji suti, ina mwili mzito mweusi, na madalali huiuza kama mashine ya ngozi kwa sababu tu ni nzito. Itashona ngozi laini ya unene wa milimita mbili kwa uzi mwembamba. Kwa mshipi wa tabaka mbili haifai, hata uibadilishie mota mara ngapi.

Hatua ya 2: Ijaribu kabla ya kulipa

Zungusha gurudumu kwa mkono, polepole, mzunguko mzima. Ugumu ulio sawa mzunguko wote kwa kawaida ni mafuta yaliyoganda, na hiyo ni kazi ya jioni mbili. Ugumu unaotokea mahali pamoja tu, tena kila mara pale pale, ni dalili ya chuma kinachogusana na chuma, shafti iliyopinda au uzi uliokwama kwenye kulabu. Shika fimbo ya sindano uitikise mbele na nyuma; ikicheza waziwazi, bushi (vipande vya chuma ambamo fimbo hupita) zimelika. Elekeza tochi kwenye ncha ya kulabu au ya kidau. Inapaswa kuwa kali na laini kama ncha ya sindano, bila pengo wala kutu yenye mashimo.

Mashine za viraka zina jaribio lao, nami sijawahi kulipia mojawapo bila kulifanya. Toa uzi wote, weka karatasi ngumu iliyokunjwa mara mbili, weka urefu wa hatua kwenye kiwango cha juu kabisa, kisha toboa matundu 11 ukielekea mbele. Geuza mguu utoboe 11 kulia, 11 nyuma na 11 kushoto. Pima kwa kalipa umbali wa hatua kumi kwa kila upande. Mashine nzima itakupa mistari minne inayokaribiana urefu. Iliyolika itakupa, kwa mfano, milimita 38 upande mmoja na 24 upande wa pili, na ikiwa hatua zake ndefu zaidi hazifiki milimita 3 kwa hatua moja, vyuma vinavyouinua na kuusukuma mguu vimeisha. Vinaweza kujazwa na kuchongwa upya, lakini fundi wa kufanya hivyo si rahisi kumpata, na bei unayoitajiwa lazima ishuke kwa ajili hiyo. Weka karatasi hiyo, utaihitaji baadaye.

Uliza pia kama bobini na kasha lake vipo. Mashine isiyo na kasha la bobini ni mzigo wa chuma mpaka ulipate.

Hatua ya 3: Piga picha, kisha zima umeme

Kabla ya kulegeza skrubu yoyote, piga picha za kila upande, ukikaribia hasa njia ya uzi, upande ambao sindano inaelekea, na nafasi ya kulabu wakati sindano iko chini kabisa. Chomoa plagi ya mota. Kuzima swichi ya ukutani peke yake hakutoshi, kwa sababu mtu anaweza kuiwasha, na pedali ikikanyagwa na anayepita, kidole chako kiko chini ya sindano.

Hatua ya 4: Yeyusha mafuta yaliyoganda

Laza kichwa cha mashine nyuma juu ya gogo au matofali yaliyofunikwa kwa tambara. Toa bamba la sindano, fagia vumbi na nyuzi zote kwa brashi, kisha dondosha mafuta ya taa kwenye kila tundu la mafuta na kila mahali ambapo chuma kinazunguka ndani ya chuma. Zungusha kidogo, subiri, ongeza. Mashine iliyokwama kabisa iachie mafuta ya taa kwa siku mbili au tatu, ukiijaribu asubuhi na jioni. Joto la mashine ya kukaushia nywele likielekezwa kwenye bushi iliyokwama kwa dakika kumi husaidia sana.

Usitumie bomba kama mkono wa kuongezea nguvu, wala usigonge kwa nyundo. Chuma cha kalibu hakipindi, hupasuka, na mwili uliopasuka hauna dawa. Tena, usiguse maandishi ya dhahabu kwa spiriti. Vanishi ya zamani iliyo juu yake huyeyuka kwa spiriti na maandishi hutoka pamoja na tambara. Yasafishe kwa mafuta ya cherehani tu.

Kutu ya juu juu kwenye gurudumu na fimbo iondoe kwa msasa laini uliolowa mafuta. Ncha ya kulabu usiipige msasa katika hatua hii hata kama inakusumbua macho.

Hatua ya 5: Tia mafuta mapya

Mafuta ya taa huyeyusha lakini hayalainishi. Yafute yote, zungusha mashine, futa tena, kisha tia mafuta meupe ya cherehani, matone mawili kwa kila tundu. Meno ya gia yapate grisi kidogo. Nimeona mashine zilizotiwa mafuta ya kupikia, nazo ndizo zilizonipa kazi kubwa kuliko zote, kwa kuwa hukauka yakawa kama gundi ya njano. Mafuta ya injini nayo ni mazito mno na hutia madoa kwenye ngozi.

Hatua ya 6: Weka sindano iliyo yake

Hapa ndipo utatuzi wa matatizo mengi ulipo, kwa hiyo usiharakishe.

Sindano ina vitambulisho viwili. Mfumo ndio unaoeleza urefu na unene wa shina, na hauchaguliwi na mshonaji. Umeamuliwa na mashine. Saizi inaeleza unene wa mwili wa sindano, na hii utaichagua kulingana na uzi. Singer 29 hutumia 29x3 yenye ncha ya ngozi au 29x4 yenye ncha ya mviringo. Singer 111W155, Juki LU-563 na Consew 206RB hutumia 135x17 kwa turubai na kitambaa, na 135x16 kwa ngozi. Pfaff 335 na 545 hutumia 134-35. Adler 30 hutumia 332. Singer 31-15 hutumia 16x87 au 16x231, zilizo na shina jembamba zaidi. Andika mfumo wa mashine yako kwa rangi kwenye kitanda chake ili hata kijana wako wa kazi asikosee.

Ncha ya ngozi hukata, ya mviringo husukuma nyuzi kando. Kwenye ngozi, ncha ya mviringo hukwama, hupata moto na kuvuta ngozi juu. Kwenye turubai, ncha ya kukata hukata kitambaa chenyewe.

Saizi huandikwa kwa namna mbili, kwa mfano 140/22, ambapo 140 ni unene wa milimita 1.40. Unene wa uzi nao hupimwa kwa Tex. Ukianza na uzi wa nailoni au poliesta uliopakwa gundi wa Tex 70, tumia 110/18. Tex 90 hupenda 125/20. Tex 135, ambao ndio uzi wa kawaida wa mikoba mizito, hutaka 140/22 au 160/23 kwa ngozi ngumu. Tex 210 hutaka 180/24 na kuendelea, na hapo umeshafika mpaka wa nguvu za 111W. Uzi mzito zaidi ya huo upeleke kwa 45K. Uzi wa pamba wa kushonea nguo usiutie kwenye mkoba wa mteja, kwa sababu jasho na mvua vitauozesha kabla ngozi haijachakaa.

Unapoingiza sindano, isukume mpaka igote juu. Upande wenye mfereji mrefu uelekee kule uzi unakoingilia, na upande wenye mbonyeo mfupi juu ya tundu uelekee ncha ya kulabu. Kwenye 111W155 mfereji mrefu hutazama kushoto, na uzi hupita tunduni kutoka kushoto kwenda kulia. Sindano za mashine hiyo zina shina la mviringo lisilo na ubapa, kwa hiyo hakuna kinachokuzuia kuikosea. Pitisha ukucha kwenye mfereji uhakikishe.

Kwenye daraja la 29 uzi hushuka ndani ya fimbo yenyewe, na bila waya mwembamba wenye ndoano ndogo ya kuuvutia chini utahangaika mchana kutwa. Spoku nyembamba ya baiskeli iliyosagwa na kukunjwa ncha hufaa kabisa.

Hatua ya 7: Angalia klachi ya usalama

Mashine kama 111W155 na 206RB zina klachi inayojiachia uzi mnene unapokwama kwenye kulabu, ili gia zisivunjike. Klachi ikishaachia, sindano hupanda na kushuka lakini kulabu haizunguki, na hapo mwenye mashine hudhani kitu kimekatika. Ondoa uzi uliokwama, bonyeza kitufe cha kufungia kilicho kitandani, na huku umekibonyeza zungusha gurudumu kwa nguvu kiasi mpaka usikie mlio wa kujifunga. Nimemwona mtu akiuza 206RB nzima kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu ya klachi hiyo tu.

Hatua ya 8: Sasa, ikiwa bado inaruka, pima taimingi

Weka sindano mpya ya saizi ya kati ya mfumo ulio sahihi. Weka urefu wa hatua kwenye kiwango cha chini kabisa. Teremsha sindano mpaka chini kabisa, kisha zungusha gurudumu upande wake wa kawaida mpaka sindano ipande kwa kiasi cha milimita 2 hadi 2.5. Mahali hapo ncha ya kulabu inapaswa kuwa imefika katikati ya sindano, juu kidogo ya tundu, kiasi cha milimita 1.5 hadi 2. Pengo kati ya ncha na mbonyeo wa sindano lisizidi unene wa karatasi, na ncha isiguse.

Ikiwa ncha inafika juu sana au chini sana ya tundu ilhali wakati wake ni sawa, tatizo ni kimo cha fimbo ya sindano. Ikiwa kimo ni sawa lakini ncha inawahi au kuchelewa, tatizo ni kulabu. Rekebisha kimoja, pima upya, ndipo uguse cha pili. Chora alama kwa sindano ya chuma mahali kila kitu kilipokuwa kabla hujalegeza skrubu, ili uweze kurudi nyuma.

Kwenye mashine za viraka, kidau kinachochelewa mara nyingi si suala la marekebisho bali la meno yaliyolika kwenye reli na gia zake ndogo. Shika kidau kwa ncha ya bisibisi wakati gurudumu limesimama. Kikicheza huku na huko milimita mbili au tatu, badilisha gia kwanza.

Hatua ya 9: Mota na kasi

Soma kibati cha mota kabla ya kuichomeka. Umeme wa nyumbani na wa vibanda vingi hapa kwetu ni volti 240, hezi 50, fezi moja. Mota iliyoandikwa volti 415 na fezi tatu haitafanya kazi humo, na ile ya volti 110 kutoka Marekani itaungua mara moja. Usimruhusu mtu akuunganishie fezi tatu kwa kubahatisha nyaya.

Mota ya zamani ya klachi huzunguka mara 1425 hivi kwa dakika wakati wote, na kwa anayeanza kushona ngozi hiyo ni kasi ya hatari. Kasi ya mashine ni mizunguko ya mota mara kipenyo cha puli ya mota, ugawe kwa kipenyo cha puli ya gurudumu. Puli ya milimita 100 ikiendesha gurudumu la milimita 125 inakupa hatua 1140 kwa dakika, yaani 19 kwa sekunde. Badilisha puli hiyo kwa ya milimita 50 upate 570. Puli na mikanda hupatikana kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road ukienda na ile ya zamani mkononi. Aliye na uwezo anunue mota ya servo ya wati 550 au zaidi yenye kidhibiti cha kasi. Hukaa kimya usipokanyaga, na hupunguza matumizi ya umeme. Mkanda ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba uingie sentimita moja hadi mbili, si zaidi.

Hatua ya 10: Shona kipande cha majaribio

Chukua vipande viwili vya ngozi ile ile utakayoifanyia kazi, tumia uzi mweupe juu na mweusi kwenye bobini, ushike nyuzi zote mbili kwa nyuma katika hatua tatu za kwanza, na zungusha gurudumu kwa mkono mpaka uone mshono umeshika. Ukiona weusi juu, punguza mkazo wa juu. Ukiona weupe chini, uongeze. Fundo linapaswa kujificha katikati ya unene wa ngozi. Uzi mnene huhitaji mkazo mkubwa kuliko wanaotoka kwenye kushona nguo wanavyotarajia, basi usiogope kukaza.

Matatizo ya kawaida

*Inaruka hatua kwenye ngozi nene tu.* Mguu hauikandamizi ngozi vya kutosha, kwa hiyo ngozi hupanda pamoja na sindano na kitanzi hakijitengenezi. Ongeza mkandamizo wa springi ya mguu na hakikisha sindano ina ncha ya ngozi. Ikiendelea, panda saizi moja ya sindano.

*Inaruka kila mahali.* Rudi hatua ya 6, kisha ya 8, kwa mpangilio huo.

*Uzi wa juu unakatika.* Pitisha kipande cha uzi wa nailoni kwa mkono kwenye kila mahali uzi unapopita, ukiuvuta kwa nguvu. Mahali utakapokwaruzika ndipo penye kosa. Mara nyingi ni tundu la bamba la sindano lililochomwa na sindano zilizopinda, au mkwaruzo kwenye kulabu. Hapo sasa tumia msasa wa 2000 uliolowa mafuta, kwa mkono mwepesi, ukilainisha mkwaruzo bila kuigusa ncha.

*Uzi unajikusanya chini kama kiota.* Karibu kila mara uzi wa juu haujaingia kati ya visahani vya kukazia, au umeinua mguu unaposhona. Visahani hufunguka mguu ukiinuliwa.

*Sindano inavunjika.* Mwanafunzi anaivuta ngozi kwa mkono. Mwachie mguu kazi hiyo. Ikivunjika bila kuvutwa, angalia kama ncha ya kulabu inaigonga.

*Gurudumu limekwama ghafla katikati ya kazi.* Usililazimishe. Uzi umeingia nyuma ya kulabu; dondosha mafuta, tingisha gurudumu mbele na nyuma kidogo kidogo, uvute uzi kwa kibanio mpaka utoke wote.

*Mashine ya viraka inashona vizuri upande mmoja na vibaya upande mwingine.* Itoe ile karatasi ya hatua ya 2. Ikiwa mistari minne ilikuwa sawa siku uliponunua na sasa si sawa, skrubu ya mkono unaousukuma mguu imelegea, na inatosha kuikaza. Ikiwa haikuwa sawa tangu siku ile, chagua upande wake mzuri, geuza kazi badala ya kugeuza mguu, na uendelee kuitumia hivyo mpaka upate vyuma vya kubadilisha.